Kisu cha Propela na Kamba ya Ipyana

Kijiwe chetu kipo Mwanjelwa, ubavuni mwa karakana ya Isakwisa, fundi wa kuchonga vyuma. Mimi ndiye mwenye birika. Kahawa yangu inatoka Mbozi, na asiyeipenda akanywe maji ya bomba. Asubuhi ile ya Julai baridi ilikuwa inauma mpaka kwenye meno, na benchi lilikuwa na watatu: Mita, aliyewahi kusoma mita za umeme na tangu hapo anajiona anasoma kila kitu, Sinodi, mzee wa kanisa anayependa kamati kuliko ibada, na Isakwisa mwenyewe, kikombe mkononi, hanywi. Mapajani alikuwa na kipande cha kamba, na mimi sikupenda kukitazama.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita Anania, mwalimu mstaafu wa Matema, alimwagiza Isakwisa amtengenezee kisu cha kufunga kwenye boti lake la tanga, pale kwenye propela ya injini, kikate kamba na nyavu zinazojisokota. Isakwisa alikuwa hajawahi kukanyaga boti. Akachonga visu viwili, kimoja kinazunguka na shafti, mhimili wa propela, na kingine kimetulia, vinapishana kama mkasi. Akateremka Ziwa Nyasa, akavifunga kwa mkono wake. Juzi Anania akapiga simu kushukuru: kisu kimefanya kazi. Akatuma na kipande cha kamba alichokikuta kwenye shafti, kije na basi.

Ilikuwa nailoni ya bluu iliyosukwa pamoja na mpira wa tairi. Msuko ule alikuwa nao mtu mmoja tu, Ipyana, mdogo wake Isakwisa, aliyetoka na mtumbwi mwezi wa kumi na mbili asirudi. Alikuwa akijifunga kamba hiyo kiunoni. Mama yao hataki msiba ukaliwe bila mwili; kila jioni bado anamwekea chakula. Sasa wazee wa ukoo wamepanga kuzika jeneza tupu Jumamosi, na kazi ya kumfanya mama akubali wamempa Isakwisa.

Isakwisa: Nimwambie nini? Kwamba mwanae alikuwa anapanda juu kwa kamba yake, kisu changu kikamkatia?

Mita: Usijitese, fundi. Kamba inatembea majini, inashika popote.

Sinodi: Miezi saba inatembea?

Mita: Mvumilivu hula mbivu, mzee.

Sinodi: Hiyo ni ya wachumba, sio ya kamba.

Isakwisa: Anania anasema boti lilikaza ghafla kama limeshikwa. Alikuwa peke yake, mkono kwenye usukani. Pale ni chini ya milima, nanga haigusi chini. Halafu likaachiwa.

Sinodi: Kina hicho ni baridi tupu. Mtu haozi. Anakaa na shati lake, na sura yake.

Mita: Ndo nachosema. Ukikaa chini miezi saba, ukasikia chuma alichochonga kaka yako kinapita juu, hutashika? Damu nzito kuliko maji, ndo maana inazama.

Nikamwambia Mita apunguze, au kahawa yangu aisahau.

Sinodi: Mimi naona katumwa. Huko chini ya maji nako kuna wazee wao, na wamekaa kikao. Wamemwambia, nenda kadai msiba wako. Hiyo kamba iwekwe kwenye jeneza Jumamosi, atulie.

Isakwisa: Nizike kamba, na yeye yuko ncha ya pili? Ilikuwa inavuta, mzee. Kilikuwepo kitu. Kisu changu ndo kimemwachia akashuka.

Akalia, mtu mzima, mbele za watu. Nilimwonea huruma mpaka nikaona aibu ya kusikiliza.

Wakati huo Tupokigwe, mfugaji wa Uyole, alikuwa ameshasimama mlangoni na kisu cha mashine yake ya kukatia majani ya ng'ombe, amekileta kunolewa. Akasalimia, nikampa kikombe, akashukuru, ndaga. Alikuwa amesikia karibu yote.

Tupokigwe: Pole, fundi. Hilo boti lilikuwa linaenda mbele?

Isakwisa: Linarudi nyuma. Upepo ulikuwa unalipeleka kwenye miamba, akatia rivasi.

Tupokigwe: Na kisu ulichonga cha namna gani?

Isakwisa: Kama hicho chako. Vipimo nilitoa kwenye mashine zenu za majani. Ndo kazi ninayoijua.

Tupokigwe: Mwaka jana nyumbani walifunga mota vibaya, ikazunguka kinyume. Majani yalijisokota tu, hata moja halikukatika. Si wewe uliyeniambia makali yapo upande mmoja?

Isakwisa aliacha kulia. Akaigeuza kamba, akatazama ncha yake. Ilikuwa imekatwa mara moja, mshazari, safi, kama imekatwa na mtu aliyetulia.

Tupokigwe: Boti linarudi nyuma, shafti inazunguka kinyume, hakikati. Basi sio kisu chako.

Nikaona mabega ya Isakwisa yanashuka, pumzi inamtoka. Nami nilifurahi kwa ajili yake, muda mfupi sana.

Tupokigwe: Sasa alikata nani?

Sinodi akaanza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Isakwisa akatoa simu, akampigia mama yake.

– Mama, alisema. Wale wa Jumamosi wasije. Endelea kumwekea chakula.