Faustin Mumba Nkulu na Watu Kumi na Tisa wa Ruashi

Faustin Mumba Nkulu alizaliwa Kamina tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mfanyakazi wa reli. Alisoma kwa mapadri palepale Kamina, kisha akaja Lubumbashi, ambako mwaka 1983 alimaliza chuo kikuu katika uhusiano wa kimataifa. Aliingia katika utumishi wa mambo ya nje akiwa na suti moja, aliyoipiga pasi mwenyewe kila asubuhi hadi magoti yakang'aa. Alitumwa katika balozi mbili, na mwaka 2009 akarudishwa hapa kushughulikia mambo ya wageni na mipaka.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Jeanne. Alipopewa daftari la parokia atie sahihi, alilisoma mstari kwa mstari huku watu wakisubiri. Padri akamwambia, "Faustin, hii haiko traité ya inchi mbili, ni bibi!" Kanisa zima likacheka. Hakuwahi kutia sahihi karatasi asiyoisoma.

Ndiyo maana hatuwezi kusema hakujua alichotia sahihi mwaka 2017. Nchi moja rafiki ilidai irudishiwe wakimbizi kumi na tisa walioishi Ruashi, hapa mjini, wengi wao walimu waliompinga rais wao. La sivyo, ingefunga njia ya malori yetu ya shaba. Faustin aliagizwa kuwahoji na kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba wanarudi kwa hiari. Aliwahoji wote. Alipotoka huko alipitia kwa mdogo wake Clément, mwalimu wa historia, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu.

"Mudogo, nilibauliza moja moja. Hakuna hata mwenye anataka kurudia."

"Yaya, mukubwa wangu, inchi haiko kanisa. Inchi iko na intérêt, faida yake. Malori ikisimama, bantu ngapi batalala njaa? Weka tu signature."

"Na wee ungeweka?"

"Leo leo."

Aliweka. Tarehe 11 Septemba ndege iliwachukua kutoka uwanja wa Luano. Mmoja wao, Précieux, mwalimu wa hesabu, alimwita kwa jina kutoka kwenye ngazi. Faustin, aliyesimama chini uwanjani, alitazama viatu vyake. Malori yakapita, na sisi tumo kati ya waliokula kwa sababu yalipita. Wawili walikufa gerezani kabla ya Krismasi. Habari za Précieux hatujazipata mpaka leo.

Faustin alistaafu mwaka uliofuata. Aliandika barua ishirini na tatu kwa wakuu wa nchi ile kuwauliza walipo wale watu. Hakujibiwa hata moja. Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Wiki mbili kabla ya kufariki alimwambia Clément, "Usiandike tu nilitumikia inchi. Andika kama ni mimi nilibatuma bale bantu." Alituaga Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tisa alasiri, Jeanne akiwa amemshika mkono.

Programu ya kwanza ya mazishi haya ilichapishwa bila habari hizo. Clément ndiye aliyeziondoa. Kilioni, binamu yao Dieumerci alimtetea kwa sauti: "Marehemu banamusifu, habamushitaki!"

Jeanne alikuwa amekaa kwenye mkeka. "Niliolewa na muntu, Dieumerci, hapana na photo. Muandike yote."

Programu zikarudi kuchapishwa.

Ameacha mjane, Jeanne; watoto, Léa, Franck na Christiane; wajukuu wanne; na mdogo wake, aliyemwambia atie sahihi, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote. Leo, kwa mwaliko wa Jeanne, amekaa pamoja na familia Myriam, mzaliwa wa Ruashi, mke wa Précieux. Hakusema kama amesamehe, na sisi hatukumuuliza.

Yaya, lala kwa amani. Sisi tusilale mpaka Myriam aambiwe mume wake yuko wapi.