Redio Inayotaka Mkono

Kaeni chini wote, na wewe mwanangu dereva, zima hiyo simu, maana leo nasema mimi na sitarudia, kifua chenyewe mnakisikia kinavyokoroma.

Nyumba ni ya mama yenu, asinyang'anywe hata chumba kimoja kwa kisingizio cha ukarabati. Cherehani achukue dada yenu mkubwa, ndiye aliyewashonea sare mkiwa shule, na shamba mgawane bila kupelekana kwa watu. Hayo yamekwisha. Sasa ile redio pale mezani, ambayo wewe dereva ulishamwita mtu wa vyuma chakavu aje aitazame, ukidhani nimelala.

Miaka kumi na mmoja nimehangaika kuiunda. Waya nimeuzungusha mwenyewe kwenye kopo la dawa, nikafumua, nikazungusha upya, nikaunguza vidole na meza ya mama yenu, hadi siku moja ikanasa masafa mafupi, nikasikia watu wa mbali wakitangaza hali ya hewa ya bahari nisiyoijua. Nikawaita. Mkaja mbio, nikatoa mkono kwenye kitasa cha kutafutia stesheni ili niwapishe, ikabaki inakwaruza tu. Nikirudisha mkono, sauti inarudi, nikiutoa, inaondoka. Mkacheka, mkasema redio ya mzee inaongea na mzee peke yake, na mama yenu akaanza kunitazama kwa huruma, kama mtu aliyerukwa na akili. Iliniuma, na bado inaniuma, msinione nimenyamaza.

Baba yenu mdogo, fundi bati, aliitazama mara moja tu, akasema, “Kaka, mkono wako ndio unaoivuruga, ukiutoa masafa yanahama. Kinga bati kati ya kitasa na nyaya za ndani, uliunganishe na ardhi, itatulia.” Nikamwambia akaezeke mapaa ya watu, aniachie redio yangu. Nilimwambia hivyo mbele ya watoto wake. Hajakanyaga hapa tena.

Na hili hamlijui hata mmoja wenu. Mwaka wa pili, mama yenu akiwa sokoni, nilichukua mfuniko wa sufuria nikaukinga pale, nikaugusisha na waya wa ardhini, nikatoa mkono. Sauti ikabaki. Nikakaa naitazama, hasira zimenijaa, kisha nikaurudisha mfuniko jikoni, nikaendelea kufumua waya miaka tisa, ili mdogo wangu asije akawa amenishinda. Nimejinyima redio, nimejinyima na ndugu.

Nipeni maji. Kidogo, basi.

Isiuzwe. Dereva, gari unalo, nenda sasa hivi kwa baba yako mdogo, usimpigie simu, nenda. Usimzungushie maneno. Mwambie kaka yako alijua, na alinyamaza, na anaomba radhi. Mwambie aje na bati.

Isogezeni hapa kitandani. Iwasheni. Mkono wangu haufiki tena. Wewe kitinda mimba, weka wako... siyo hapo. Juu ya kitasa. Taratibu. Hapo.

Mnasikia? Mama yenu, unasikia?

Basi... sikuwa mwendawazimu.

Mungu awaweke pamoja, wanangu. Awape... awape wepesi wa kukubali mnapokosea, mimi ulinipita. Dereva, bado umesimama? Nenda.

Na wewe... mpaka baba yako mdogo afike... usiutoe mkono.