Mponyaji Aliyekula wa Mwisho

Hivi ndugu zangu, niwaulize kwanza kabla sijaanza: nyumbani kwenu, yule anayepakua chakula huwa anakula saa ngapi?

Mnacheka! Kina mama nawaona mnavyocheka, maana jibu mnalo. Anakula wa mwisho. Anakula ukoko amesimama jikoni, na mwiko mkononi, na akiulizwa anasema nimeshiba. Mama yangu kule Machame alikuwa hivyo. Mimi nikashuka na tabia hiyo mpaka Kariakoo, sikuiacha hata njiani. Na tabia hiyo, ndugu zangu, ndo ilikuwa inanizika.

Bwana apewe sifa zake zote! Nasimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili. Bado miwili, dole moja tu ndo limetangulia. Alinitoa shimoni, na njia aliyotumia mkiisikia mtasema bibi huyu amechanganyikiwa. Alitumia mchezo wa kompyuta. Msigune! Guneni mwishoni, mimi nipo hapa hapa, siendi popote.

Mnanijua wengine. Mimi ndo Mama Aikande wa vitenge. Ilipokuja ruksa, watu wakaruhusiwa kufanya biashara zao, nami nikatandika vitenge vyangu mezani, pale karibu na Msimbazi. Shule nimesoma mpaka darasa la pili tu. Lakini kitenge nakijua hata ukinifumba macho. Mwanangu aliyebaki alikuwa mmoja, huyo Aikande mwenyewe. Na Aikande alikuwa na binti mmoja, Anasia.

Aikande akaugua figo. Miaka miwili ndugu zangu! Miaka miwili natoka Kariakoo naenda hospitali kule Upanga, asubuhi na uji, jioni na mtori wa ndizi. Na mimi mwenyewe nina sukari, nina kliniki yangu, nina vidonge vyangu. Lakini nani ana muda? Siku ya kliniki yangu inafika, nasema kwanza Aikande. Kidonge changu hakijanywewa, nasema kwanza Aikande. Niliona ndo umama huo. Halafu Aikande akafa mbele yangu, kijiko cha mtori nimekishika mkononi.

Jamani. Mtori ule ulikuwa bado wa moto.

Sitawadanganya kwamba nilisali. Nilikuja hapa kanisani, nikakaa kiti kile cha tatu, mdomo unaimba, moyoni namwambia Mungu: mwenye figo mbovu umemchukua, na bibi kizee mwenye sukari umemwacha, umekosea hesabu. Nikaacha vitenge. Vikakaa kwenye viroba mpaka panya wakazaa humo. Na vidonge nikaviacha. Sio kwamba nilisahau, ndugu zangu. Anasia ananipa kidonge na maji, nakiweka chini ya ulimi, akigeuka nakitema, nakitia kwenye kopo la majani ya chai lililo tupu, nalirudisha nyuma ya kabati. Kila siku. Kopo likaanza kuwa zito. Nikasema, likijaa nami nitakuwa nimefika kwa mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mlikuwa mnanipa mkono wa pole na mimi nilikuwa nahesabu siku.

Sasa Anasia alikuwa na kazi kwenye duka la kompyuta, lile la ghorofani, ngazi zake zinanuka mafuta ya jenereta. Akawa haniachi nyumbani peke yangu. Kila asubuhi ananivalisha viatu: "Bibi, twende." Ananikalisha kwenye kona kama furushi. Nikakaa wiki nzima naangalia migongo ya watu.

Siku moja ananiambia, "Bibi, sogea hapa. Nina mteja anataka kuchapa barua. Ukiona mstari wa kijani unashuka, bonyeza namba moja."

"Wa nani huo mstari?"

"Wa mtu, Bibi. Anapigwa. We mponye tu, nakuja!"

Akakimbia. Jamani, mtu anapigwa! Nikabonyeza moja. Mwanga wa dhahabu ukashuka, mstari ukapanda. Ukashuka tena, nikabonyeza, ukapanda. Ndugu zangu, miaka miwili nilikuwa nalisha mtu uji na hakuna kilichopanda. Hapa nabonyeza kidole kimoja, mtu anapona! Anasia aliporudi alinikuta nalia na bado nabonyeza.

Niwaeleze msipotee. Mchezo wenyewe, watu wanakusanyika ishirini na tano. Wengine wako Ulaya, wengine Uarabuni, wengine kiti cha pili kutoka ulipokaa. Wanaingia pangoni pamoja kupigana na joka. Kuna mmoja amejaa machuma mwili mzima, kazi yake ni kupigwa. Ndiyo, kupigwa tu, ili wengine wasipigwe. Kuna wa kupiga. Na kuna waponyaji, wanakaa nyuma wanaangalia mistari ya wenzao, isishuke. Na mponyaji ana mstari wake wa pili, wa buluu, ndo nguvu yake ya kuponyea. Huo ni kama dumu la maji mtaani kwetu: ukichota hovyo asubuhi, jioni utapikia nini?

Anasia akanitengenezea mponyaji wangu mwenyewe, mama mfupi hivi, mviringo kama mimi. Akamwandikia jina juu ya kichwa, limeunganishwa lote pamoja: Mamaaikande. Nikalisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Tangu msiba watu walikuwa wanaogopa kuniita jina hilo. Mlikuwa mnaniita "Bibi" tu, kwa huruma.

Sasa mavazi. Mponyaji haingii kwa joka na nguo za kushindia, anakufa kwa pumzi ya kwanza tu. Joho, fimbo, pete, viatu, kila kimoja kinamwongezea nguvu, na kila kimoja unakipata kwa kuua mnyama na wenzako. Hawagombanii. Wanakwenda zamu, kama upatu wetu wa kina mama: leo kachukua huyu, kesho yule. Zamu yangu ya kwanza ilipofika yalianguka majoho mawili. Moja lina nakshi za dhahabu linawaka! La pili limepauka kama gunia. Nikasema nani atanifundisha nguo mimi? Nikachukua la dhahabu.

Duka zima likacheka. Kulikuwa na kijana wa Kihindi wa Upanga, Bharat, yeye ndo alikuwa kiongozi wetu vitani. Akavua spika masikioni. "Bibi! Hilo joho la watu wa kuchoma moto bana! Haliponyi hata mafua!"

"Basi mbona zuri?"

"Kwani we kule mezani unauza kitenge kwa maua yake?"

Alinipata! Maana kitenge halisi unakigeuza, unaangalia upande wa nyuma. Tangu siku hiyo kila nguo namwambia Anasia ageuze, anisomee ya nyuma, nguo ina nguvu gani. Wakanibadilishia, nikavaa gunia langu, ndugu zangu, na gunia lile lilikuwa na dumu la buluu halikauki! Wiki kwa wiki nikakamilika. Vijana wakawa wananiamkia kwa pamoja nikipanda ngazi, "Shikamoo Bibi!" Mpaka wale wa Ulaya walijifunza, wanaitamka vibaya hivyo hivyo. Marahaba wanangu, marahaba.

Lakini mnadhani nilikuwa nimepona? Sijafika huko. Nilikuwa nacheka mchana, nikirudi nyumbani natema kidonge. Dole likaanza kuwa jeusi, nikalifunga kitambaa nikavaa soksi. Nilikuwa naponya watu ishirini na nne na mwenyewe nanuka ndani ya soksi.

Ikaja Jumamosi ya joka. Tumejiandaa mwezi mzima. Tukaingia saa tisa mchana, joto la duka limetukaba, jenereta linanguruma. Na kila tukilifikia joka, mwenzenu nakufa. Joka likipuliza moto, unaunguza watu wote, nami nawaponya wote. Huyu, yule, yule wa machuma, yule wa Uarabuni. Mstari wangu mwenyewe uko pale juu kabisa, nauona unakwisha. Nasema, ngoja kwanza hawa. Unakwisha. Ngoja kwanza yule. Pu! Mamaaikande chini. Na nikishakufa, wanadondoka wote, mmoja mmoja.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Bharat akasimama kwenye kiti. "Bibi, jiponye! Ukiona wako umeshuka, jiponye wewe kwanza!"

Nikamwambia, "Baba, mimi nijipakulie kabla ya watu? Sijalelewa hivyo."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Bibi, mponyaji akitangulia kufa, sisi wote tumeshakufa. Tofauti ni dakika tu."

Tukaingia mara ya nne. Nikafa. Kwenye kioo pakaandikwa kama kawaida, nami siku hizo maneno hayo mawili nilishayazoea kwa sura, jina langu na neno la kufa. Nikageuka nicheke na Anasia.

Anasia alikuwa analia. Sio machozi ya mchezo, jamani. Amejishika tumbo, mbele ya wateja wote.

"Hata huku," akasema. "Bibi, hata huku?"

Nikasema, "Mjukuu wangu, ni mchezo tu."

"Nimeliona kopo, Bibi."

Ndugu zangu. Jenereta lilikuwa linanguruma lakini mimi sikusikia kitu.

"Nimeliona tangu Jumatatu. Nimekaa nakusubiri useme. Mama alikufa anataka kuishi, Bibi. Wewe unataka nini? Unataka nibaki na nani?"

 Mimi, mnanijua, sikosi neno, naweza kumuuzia mtu kitenge cha msiba siku ya harusi. Lakini hapo nikamgeukia, nikamtazama vizuri. Nilikuwa nimeona mistari ya watu wote duniani, mpaka wa Ulaya, na wa mtoto huyu aliyekaa ubavuni kwangu sikuuona ukishuka. Alikuwa amekonda. Shingo imebaki kama ya kuku. Nami nilikuwa kila siku nampakulia kwanza, najiona mama mwema, kumbe nampakulia kifo changu.

Hapo ndipo Bwana aliponishika, ndugu zangu! Sikuona mwanga, wala sikusikia sauti. Nilihisi aibu tu. Nikaelewa kwamba uhai niliokuwa nautupa kwenye kopo la majani ya chai sikuwa nimepewa niutupe. Nimepewa niushike, kwa sababu kuna mtu ameshikilia upande wa pili.

Nikamwambia Bharat, "Baba, tuingie tena."

Tukaingia. Joka likapuliza. Mistari ikashuka yote, na wangu.  Nilijiona mlafi, nilijiona namnyima mtu. Nikabonyeza juu ya jina langu mwenyewe. Mwanga ukashuka juu ya Mamaaikande. Halafu nikageukia wengine. Likapuliza tena, nikajiponya tena, natokwa na machozi, naponya watu.

Joka hatukuliua. Mlitaka niseme tumeliua? Hatukuliua siku ile wala siku yoyote. Lakini siku ile wote walipodondoka, mimi ndo nilibaki wa mwisho nimesimama. Bharat akasema, "Haya, leo tumejua linaweza kufa." Jenereta likazimika, na mambo yakaishia hapo.

Nilifika nyumbani nikalitoa kopo nyuma ya kabati, nikampa Anasia mkononi. Kesho yake akanipeleka kliniki. Daktari akanigombeza, akakata dole. Macho nayo, la kushoto limeingia ukungu, hautoki. Mchezo siuwezi tena, mistari siioni. Aikande hajarudi. Kuna asubuhi bado naamka namlaumu Mungu, na yeye ananivumilia, anasubiri nimalize. Sijaja hapa kuwaambia nimepona. Nimekuja kuwaambia kidonge kimeshuka. Leo asubuhi kimeshuka, na jana kilishuka, na utukufu ni wake!

Wewe uliyekaa hapo unatunza mgonjwa, na una uvimbe wako umeufunga kwenye kanga, nakuomba. Mwamini Mungu kwa uhai wa mgonjwa wako, na mwamini pia kwa uhai wako. Jipakulie. Sio ulafi, mama. Jipakulie.

Na sasa nikae, mguu unauma. Ila niwaambie alichosema Anasia siku ile ya kopo. Alivimwaga vile vidonge chooni vyote. Akaja akawasha jiko, akapika wali na maharage, mimi nimekaa namwangalia. Ulipoiva nikainuka nishike mwiko, kama kawaida yangu. Akaninyang'anya. Akachukua sahani yangu, ile ya bati ya maua, akapakua, akaniwekea mbele na kidonge pembeni na kikombe cha maji. Yake tupu. Nikamwambia anza wewe. Akabaki amesimama, mwiko ameushika.

Akasema, "Bibi, nakuahidi. Mpaka siku nitakayokuzika, katika nyumba hii hakuna atakayepakuliwa kabla yako."