Mwalimu Philomena Ndaki wa Sapiwi na Madaftari ya Kushonwa

Mwalimu Philomena Ndaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Ipililo, Maswa, mtoto wa tatu wa mzee Constantine Ndaki na mama Esteria, wakulima wa pamba. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Mama yake alisimulia kuwa hakulala bila kurudi zizini kuhakikisha ndama wamefungwa.

Alisoma hapohapo Ipililo, akahitimu ualimu mwaka 1972 na kupangiwa Shule ya Msingi Sapiwi, Bariadi, alikofundisha mpaka mwisho. Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Joakim Masele, fundi cherehani.

Biashara huria iliporuhusiwa nchini, maduka ya Bariadi yalijaa madaftari, na roho yake ikazidi kukosa utulivu. Watoto waliozoea kubania karatasi sasa walichana ukurasa mzima kwa kosa la herufi moja, kurasa zikaishia kufungia karanga. Wakati huohuo wengine walikaa bila daftari. Basi mwishoni mwa 1993 alikusanya kurasa safi zilizobaki kwenye madaftari yaliyokwisha kazi, mumewe akazishona, wasio nacho wakapewa.

Wenzao wakawacheka. Nyamizi binti Machibya, wa darasa la tano, mmoja wa waliopewa, akaacha kuja shule. Mwalimu alikosa raha. Alihisi amemfukuza mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasikia kuna wageni wenye ng'ombe wa mahari wanaomuulizia binti huyo kwa baba yake. Akaenda, njia nzima hajui atasema nini. Machibya alimpa kigoda, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mayu," alisema taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "mwanangu si wa kuvishwa viraka mbele ya wenzake."



"Basi kesho aje," Mwalimu akajibu, "tuchekwe wote."

Asubuhi iliyofuata aliingia darasani na andalio la somo ndani ya daftari la kushonwa, akaliweka wazi mezani. Nyamizi alikuwepo. Mkaguzi alipofika wiki hiyohiyo, Mwalimu alimkabidhi daftari hilohilo. Mkaguzi alipekua, akauliza nani kashona, akatia sahihi. Kabla ya likizo, hata mtoto wa mwenye duka aliomba lake. Lakini Mwalimu hakutulia; kila asubuhi aliutazama mlango mpaka Nyamizi aingie, hadi binti huyo alipomaliza darasa la saba.

Mwaka 1997 aligundulika kuwa na shinikizo la damu. Daktari alimshauri apunguze mawazo. Akacheka, akasema dawa ya hilo bado haijaletwa madukani. Alizidiwa tarehe 2 Agosti 1998, na tarehe 5 asubuhi akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Joakim; watoto watatu, Esteria, Masunga na Flora; mjukuu mmoja; kaka yake Thomasi; na wanafunzi wengi.

Mungu ampe pumziko ambalo hapa duniani hakujiruhusu. Alale kwa amani.