Mafuta ya Rael Mokeira na Bega la Mzee Gisiri

Mchungaji, wazee wa boma hili, wakwe zetu, majirani, na nyinyi mliotoka Homa Bay na Rusinga mkafika na vumbi lote la barabara, familia imenituma mimi Ombati, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yangu, na imenionya nisiwachekeshe, lakini aliyemjua Rael anajua kwamba onyo hilo ni gumu kulitimiza.

Marehemu Mama Rael Mokeira alizaliwa tarehe 9 Aprili 1939 katika nyanda za juu za Kisii, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Machuki na Mama Bathsheba, na mwaka wa 1947 baba yetu aliihamishia familia mjini Migori, akafungua duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na dada akajua Kiluo cha sokoni kabla hajajua Kiswahili cha darasani. Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1948, akamaliza darasa la sita mwaka wa 1954, na Agosti ya mwaka huohuo akabatizwa mtoni kama Mwadventista Msabato, maji yakiwa baridi hata akaitikia Amina huku meno yakigongana.

Alisaidia dukani kwa baba kwa miaka mingi, na Januari 1972 akaajiriwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Rangwe, ambako alisonga ugali wa shule nzima kwa mwiko mrefu kuliko jembe, na jioni wapishi wakilalamika mabega, yeye ndiye aliyewakanda kwa mafuta ya simsim yaliyochanganywa na tangawizi, akiwaambia wasipige kelele kwa sababu wasichana wanasoma. Alistaafu Desemba 1990 akamfuata mumewe Awendo.

Alifunga ndoa na Mzee Gisiri Mirumbe tarehe 16 Desemba 1959, Mgusii kuolewa na Mkuria, jambo lililowafanya wazee wa pande zote mbili kukohoa sana kabla ya kukubali, na Mungu akawajalia watoto watatu, Pamela, Jeff na Joyline, pamoja na wajukuu saba walio mbele yenu hapa.

Sasa nafika kwenye habari iliyowaleta wengi wenu. Mwezi wa Februari 1991 Mzee Gisiri, ambaye katika mashamba ya miwa ya Awendo hakuwa na mshindani, aliinua panga asubuhi akasikia bega la kulia limekaza, akaushusha mkono, na tangu hapo haukupanda tena kupita kifua. Hospitalini walimpima wakasema mfupa ni mzima, shida ni misuli, apumzike na akandwe, lakini mkata miwa asiyeinua mkono amekwisha kazi, na kilichomkata maini zaidi ni shati, maana kila asubuhi ilibidi mkewe amvalishe kama mtoto wa nasari. Siku moja akamwambia, "Mama Pamela, wewe nirudishe tu nyumbani nichunge kuku," naye Rael akajibu, "Hao kuku utawafukuza na nini? Kaa hapo."

Tangu siku hiyo dada yangu hakutulia. Aliapa mbele yetu kwamba bega lile litarudi kazini, akaenda kwa Wakuria wafuga nyuki kutafuta nta, akachuma majani ya mkaratusi, akakausha pilipili juu ya bati, akasaga tangawizi, akapika mafuta ya simsim asubuhi na jioni, nyumba nzima ikipiga chafya, na kila alipopata jipya alimtuma mtu kuniita kutoka Migori, nifike nikidhani kuna msiba, kumbe ni sufuria. Mafuta ya kwanza yalikuwa na nta nyingi yakawa magumu kama mshumaa, ya pili yakayeyuka kwa joto la mchana yakamwagika mkebeni, ya tatu aliyaharakisha kwa moto mkali, pilipili ikaungua, yakanuka vibaya na hayakupasha hata ukucha.

Ijumaa tarehe 14 Agosti 1992 aliweka sufuria ya mafuta juu ya sufuria ya maji moto, pilipili na tangawizi zikiwa ndani, akiwa na nia ya kuchuja kabla ya jioni, lakini wageni wakaja, jua likazama, Sabato ikaingia, na Rael hakuwa mtu wa kushika kazi Sabato, basi akafunika, akasogeza sufuria kando kwenye majivu ya moto, akaenda kuimba. Jumamosi jua lilipotua akafunua, akakuta mafuta yamekuwa mekundu kama chai ya rangi, yana harufu ya kuamsha mtu, akajipaka kidogo mkononi, joto likaingia polepole na kukaa, na kigelegele alichopiga kilileta majirani wakiwa na marungu wakidhani ni mwizi. Kumbe haraka yake ndiyo iliyokuwa ikimharibia kazi siku zote.

Tangu hapo aliandaa mafuta kila Ijumaa, akayachuja na kuyatia nta Jumamosi usiku ukiingia, na mzee mmoja wa kanisa alipomuuliza kama si dhambi sufuria kufanya kazi Sabato, alimjibu, "Mzee, kuku wako akitaga Sabato, yai unalirudisha?" Yule mzee tunaye hapa leo, muulizeni.

Alimkanda mumewe kila siku, na Machi 1993, wakiwa mezani, Mzee akainua mkono wa kulia kuchukua kofia msumarini bila kufikiri, wote wawili wakautazama kule juu kama mgeni aliyeingia bila hodi, kisha Rael akatoka mbio nje na unga mikononi akiita kijiji kizima. Tabibu aliyesikia habari hiyo alifurahi, akasema huenda ni kukandwa kulikomponya wala si mafuta, naye Rael akamuuliza mikono iliyokanda ilikuwa ya nani. Lakini Mzee hakurudi kukata miwa, na kila kitu kizito alikibeba kwa mkono wa kushoto, na hapo shaka ikamwingia dada yangu, kwamba labda bega halikupona, labda mume alikuwa anamfurahisha tu.

Mwaka wa 1994 walihamia Homa Bay alikokuwa akifundisha Pamela, na mikebe ya Rael ikavuka ziwa, wavuta nyavu wa kisiwa cha Rusinga wakaanza kumwita Min Pamela, yaani Mama Pamela kwa Kiluo, na ni haohao waliojipaka mafuta viganjani kabla ya kazi wakidhani watapata nguvu, kamba ikateleza, wakaanguka majini kundi zima, wakaja na nahodha wao Obuya kulalamika, "Min Pamela, dawa yako imetumaliza, samaki wote wameenda!" naye akawauliza, "Sasa nani aliwaambia ni kamba inaumwa?" Wakacheka, wakanunua tena.

Marehemu alianza kuugua tumbo Mei 1998, akalazwa hospitalini Homa Bay, kisha mwezi wa Julai akaomba arudishwe hapa nyumbani kwa mumewe, miguu ikiwa imeisha nguvu. Sabato ya tarehe 18 Julai alisikia nyimbo za kanisani ng'ambo ya shamba la maharagwe, akamtazama mumewe akasema, "Baba Pamela, niambie ukweli, sitakasirika. Ule mkono ulipona, ama ulinihurumia tu?" Mzee aliinama, akampitishia mikono chini, wa kulia ukabeba mgongo wote, akamwinua, akatoka naye mlangoni akavuka shamba, sisi tukimfuata na kiti ambacho hakuna aliyekitaka, na njia nzima Rael alikuwa akilibonyeza lile bega kwa vidole kama anayechagua parachichi sokoni, mpaka tulipofika kanisani akapaza sauti, "Ombati, limeshika! Limeshika kabisa!" na mchungaji akasimamisha mahubiri, watu wakapiga makofi, nami nililia kwa furaha bila aibu.

Alifariki Jumanne tarehe 21 Julai 1998, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Homa Bay, majirani waliokesha nasi na kutuchotea maji, wapishi wenzake wa Rangwe, washiriki wa kanisa, na wavuta nyavu wa Rusinga waliokuja kwa mashua na lori.

Rael, dada yangu, uliuliza na ukajibiwa ungali hai, basi pumzika sasa, na amani ya Mungu ikae nawe.