Mlinzi wa Sanduku na Mama Yake

Kwenye basi dogo la kutoka Adwa kwenda Aksum, Ethiopia, Kahsay alikuwa amechachamaa. "Sanduku la Agano halipo Aksum, mama. Liliibwa zamani. Yule mtawa wanayesema analilinda pale kanisani, analinda hewa."

Bibi aliyeketi naye akashtuka kama aliyefinywa. "Hewa? Mtawa huyo nimemzaa mimi. Hatoki ndani ya ule uzio wa kanisa mpaka afe. Juzi tumemzika baba yake, hakuja."

Kahsay akamsogelea. "Basi wewe ndiye wa kutuambia. Hujamwuliza mle ndani kuna nini?"

"Nilimwuliza jana. Na yeye akaniuliza kaburi la baba yake liko upande gani, awe analigeukia akisali."

Basi likasimama karibu na kanisa, bibi akashuka. Kahsay, ambaye kituo chake kilikuwa mbele, akambebea bibi kikapu mpaka kwenye uzio, akiendelea kubisha, ila kwa sauti ya chini.