Bibi Aliyeondoka na Nyumbu wa Jeshi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Hapa milimani kwetu, sisi Waapache tumempoteza bibi yetu shujaa. Jina lake sitalitaja. Kwa mila yetu, aliyekufa hatumtaji jina, tusije tukamwita arudi. Lakini nikisema Mama wa Kengele, hakuna asiyemjua.

Alikuwa mpiganaji. Narudia: mpiganaji. Alibeba bunduki yake mwenyewe, akalala porini pamoja na wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwambia akapike.

Msimu mmoja wa theluji, wanajeshi walikuwa wametufukuza hadi kwenye majabali ya juu. Watoto walitafuna ngozi kwa njaa. Chini bondeni ukapita msafara wa jeshi, nyumbu wengi, wale chotara wa punda na farasi, wamebeba unga na mablanketi. Ukasimama kijitoni, wanyama wanywe maji. Kaka yake, aliyekuwa kiongozi wetu, akataka wafyatue risasi, wapore watakachoweza, wakimbie. Yeye akamzuia. Tangu asubuhi alikuwa akiwatazama nyumbu wale. Walimfuata farasi jike mweupe mwenye kengele shingoni. Akisimama, wanasimama. Akienda, wanakwenda. Akasema atashuka kumchukua huyo.

"Utaiba farasi mmoja, dada?" kaka akamcheka. "Tutamla leo. Na kesho?"

"Siibi farasi. Nachukua kengele. Hao wengine watakuja wenyewe."

Akavaa kofia kuukuu, akajitanda blanketi, akashuka mchana kweupe, theluji ikidondoka. Askari mmoja akamsalimia, akidhani ni mchunga nyumbu wao. Akamjibu kwa kikohozi. Akashika kamba ya farasi, akaondoka naye taratibu, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Nyumbu wakafuata. Wote. Na mizigo yao.

Hakuna risasi iliyolia, wasikilizaji. Hakuna aliyekufa. Watoto walikula hadi wakasinzia na nyama ya nyumbu midomoni. Na yule kaka aliyecheka? Alipewa unga akande, wakamtania mwaka mzima.

Vita vikaisha. Tukafungwa mbali, tukarudi. Akazeeka akifuga farasi, na kengele ile akawa anaivaa mwenyewe, ili mume wa binti yake amsikie mapema na kujificha. Mnaijua heshima yetu: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani.

Mkwe huyo ni Hobart Dazen, mume wa Leota. Alinisimulia jana, machozi na kicheko pamoja: "Nimeruka mitaro. Nimejibanza kwenye banda la kuku. Lakini kila baridi ilipoanza, nilikuta kuni zimepasuliwa mlangoni kwangu, na aliyezipasua simwoni."

Bibi alipokata roho, Leota alimuuliza mumewe kama angependa sasa, angalau mara moja, auone uso wa mama. Hobart alikataa.

"Nilimheshimu akiwa na miguu ya kunikwepa," alisema. "Siwezi kumvizia leo amelala."

Leota, pole sana, dada yetu. Hobart, pole, ndugu yetu. Na wajukuu wote, poleni. Mmezaliwa na watu walioshiba siku ile.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemlisha wakati wa njaa. Kabla jua halijazama leo, nenda kwake. Kaa naye. Mwambie asante angali anasikia.